Kamera za majaribio: Mali ya mamilioni isiyolipa riba

KAMERA moja kuukuu, isiyo na betri wala kipima mwanga, iliuzwa kwa euro milioni 14.4 katika mnada uliofanyika mjini Wetzlar, Ujerumani, Juni 11, 2022. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya wakati huo, kiasi hicho kilikuwa kama shilingi bilioni 35 za Tanzania, au zaidi ya shilingi bilioni 1.7 za Kenya.

Kamera hiyo ni Leica namba 105, mojawapo ya kamera chache za majaribio zilizotengenezwa mwaka 1923, kabla kampuni ya Ernst Leitz haijaamua kama biashara ya kamera ina faida au la. Waendesha mnada walikuwa wamekadiria kwamba ingepata kati ya euro milioni 2 na milioni 3. Ilipata zaidi ya mara nne ya makadirio hayo ya juu, na kuwa kamera ghali kuliko zote zilizowahi kuuzwa mnadani hadi siku hiyo.

Habari za namna hii zikishatangazwa, haichukui muda kabla ya watu kuanza kupekua makabati ya wazee wakitafuta kamera za zamani. Wengine huanza kununua kila kamera nyeusi wanayoiona sokoni, wakiamini kwamba uzee wa kitu ndio utajiri. Kwa mfanyabiashara makini, hata hivyo, swali la kwanza ni jingine: mnunuzi yule alilipia nini hasa? Na je, aliyenunua kamera ya aina hiyo miaka michache kabla, kisha akaiuza, angebaki na faida kiasi gani baada ya kuwalipa madalali?

CHANZO CHA BIDHAA

Kamera ya Leica ilibuniwa na fundi mmoja wa Kijerumani, Oskar Barnack, aliyejiunga na kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar mwaka 1911. Kiwanda hicho kilikuwa kikijulikana kwa kutengeneza darubini za maabara, si kamera. Barnack alikuwa mpenzi wa kupiga picha, lakini alisumbuliwa na pumu, na kamera za wakati ule zilikuwa masanduku mazito yenye kutumia vioo na miguu mitatu ya kusimamishia. Alitaka kamera ambayo mtu angeweza kuitia mfukoni na kupanda nayo mlima.

Wazo lake lilikuwa rahisi: picha ndogo mkandani, kisha picha kubwa karatasini. Alichukua mkanda wa sinema wenye upana wa milimita 35, ambao ulikuwa ukipatikana kwa urahisi, na kuufanya utumike katika kamera ya mkononi. Picha moja ya sinema ilikuwa na ukubwa wa milimita 18 kwa 24. Barnack aliunganisha nafasi mbili, akapata milimita 24 kwa 36. Kufikia mwaka 1914 kamera yake ya kwanza ilikuwa inafanya kazi.

Ukubwa huo ndio uliokuja kutawala dunia. Kila aliyepeleka mkanda wa picha 36 studio kusafishwa baada ya harusi au kipaimara, iwe Mombasa, Mwanza au Bujumbura, alikuwa anatumia kipimo kilichowekwa na fundi huyo wa Wetzlar.

Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha mradi huo. Baada ya vita, Ujerumani ilikumbwa na mfumuko mkubwa wa bei uliofikia kilele mwaka 1923, wakati fedha za karatasi zilipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni. Ni katika mwaka huohuo wa shida ambapo kiwanda kilitengeneza kamera ishirini na kitu kwa ajili ya kujaribu soko. Mfululizo huo ndio unaoitwa 0-Serie, yaani mfululizo wa sifuri. Kamera hizo walipewa wapiga picha na watu wengine wenye ujuzi ili wazitumie na kutoa maoni.

Maoni yalikuwa ya mchanganyiko. Wapo walioiona ni kitu cha kuchezea. Pamoja na hayo, mwaka 1924 mmiliki wa kiwanda, Ernst Leitz wa pili, aliitisha kikao, akasikiliza waliounga mkono na waliopinga, kisha akaamua kampuni ichukue hatari hiyo. Kamera ikazinduliwa rasmi katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925 kwa jina la Leica, ambalo ni kifupisho cha maneno "kamera ya Leitz".

Kwa msomaji wa ukurasa huu, historia hiyo ina uzito wa kibiashara. Kamera ya majaribio ni bidhaa iliyotoka kiwandani wakati ambapo hata mtengenezaji hakujua kama angepata au angepoteza. Anayeinunua leo anashika mkononi ushahidi wa uamuzi wa mtaji uliofanyika zaidi ya miaka 100 iliyopita.

KASORO NDIYO THAMANI

Katika biashara nyingi, bidhaa yenye kasoro hupunguzwa bei. Katika soko la kamera za majaribio mambo huwa kinyume, kwa sababu kasoro ndiyo inayothibitisha kwamba kifaa kilitengenezwa kabla ya marekebisho ya mwisho.

Kamera za 0-Serie zinaeleza jambo hilo vizuri. Shata yake, yaani pazia la kitambaa linaloruhusu mwanga kuufikia mkanda, haikuwa na uwezo wa kujifunga wakati wa kuvuta mkanda kwenda picha inayofuata. Mpiga picha alilazimika kufunika lenzi kwa kifuniko kabla ya kuvuta, la sivyo mwanga ungeingia na kuharibu picha. Kifuniko hicho kilifungwa kwa uzi ili kisipotee. Kamera zilizoingia sokoni mwaka 1925 zilikuwa tayari zimeondolewa tatizo hilo. Hivyo kasoro hiyo ya kuudhi, ambayo mteja wa mwaka 1925 asingeikubali, leo ni moja ya alama ambazo mkusanyaji huzitafuta kwanza.

Mfano mwingine unatoka Japani. Kampuni ya Nippon Kogaku ilipoanza kuuza kamera yake ya kwanza ya Nikon mwaka 1948, ilichagua picha ya milimita 24 kwa 32 badala ya 24 kwa 36 ili mkanda mmoja utoe picha nyingi zaidi. Kwa mtazamo wa kubana matumizi lilikuwa wazo zuri, lakini ukubwa huo haukuendana na fremu za slaidi zilizokuwa zikitumika Marekani, ambalo ndilo lilikuwa soko muhimu la nje. Kamera zilizotengenezwa hazikuzidi mamia machache kabla ya kampuni kubadili vipimo. Mwaka 2016 moja ya kamera hizo za mwanzo iliuzwa katika mnada wa Vienna, Austria, kwa euro 384,000. Uamuzi uliokwamisha biashara mwaka 1948 ndio uliozifanya kamera hizo kuwa adimu.

Ulinganisho na kamera za kawaida unaonyesha nguvu ya uadimu. Leica M3, iliyotoka mwaka 1954 na kupendwa na waandishi wa habari wa dunia nzima, ilitengenezwa zaidi ya 220,000. Ni kamera bora kabisa, na hadi leo inapiga picha nzuri kuliko ile ya mwaka 1923. Lakini kwa kuwa zipo nyingi, M3 ya kawaida huuzwa kwa bei ambayo mtu mwenye mshahara wa kati Ulaya anaweza kuimudu. Ubora wa kazi, kwa maneno mengine, si kipimo cha bei katika soko hili.

BEI ZA MNADA

Kwa bahati nzuri, biashara hii ina rekodi za wazi kuliko biashara nyingi za vitu vya kale, kwa kuwa mauzo makubwa hufanyika hadharani. Kituo chake kikuu kimekuwa Vienna, kupitia mnada wa WestLicht, ambao sasa unaendeshwa kwa jina la Leitz Photographica Auction.

Mwaka 2011, kamera ya 0-Serie namba 107 iliuzwa kwa euro milioni 1.32. Mwaka uliofuata, 2012, namba 116 iliuzwa kwa euro milioni 2.16. Machi 2018, namba 122 iliuzwa kwa euro milioni 2.4, na mnunuzi alitajwa kuwa mkusanyaji binafsi kutoka Asia. Kisha ikaja namba 105 ya mwaka 2022 na euro milioni 14.4 zake.

Akizitazama namba hizo kwa haraka, mtu anaweza kudhani kwamba soko limekuwa likipanda kama ngazi na kwamba katika miaka 4 tu, kati ya 2018 na 2022, mali ya aina hii imeongezeka thamani mara 6. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Namba 105 si 0-Serie tu kama nyingine. Ilikuwa kamera ya Barnack mwenyewe. Jina lake limechorwa juu ya kitundu cha kuchungulia. Aliitumia kupiga picha za familia yake hadi karibu mwaka 1930, na kwa kuitumia aliona mambo yaliyohitaji kurekebishwa katika kamera zilizofuata. Baadaye alimpa mwanawe, na mwaka 1960 iliingia mikononi mwa mkusanyaji wa Marekani. Mnyororo huo wa umiliki, kutoka kwa mbunifu hadi kwa mwanawe na kwa mkusanyaji, ndio uliolipiwa mamilioni yaliyozidi. Ni kama kiwanja kilicho kwenye kona ya barabara kuu: bei yake haiwi bei ya mtaa mzima, hata kama udongo ni uleule.

HESABU YA MFUKONI

Wahenga wa sokoni husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Jioni ya mnada ina makato yake.

Bei zote zilizotajwa hapo juu ni bei alizolipa mnunuzi, pamoja na ada ya mnada. Katika mauzo hayo ada hiyo ilikuwa asilimia 20 juu ya bei iliyogongewa nyundo. Kwa hiyo namba 105 iligongewa nyundo kwa euro milioni 12, na euro milioni 2.4 zilizobaki zilikuwa ada. Namba 122 iligongewa kwa milioni 2, namba 116 kwa milioni 1.8 na namba 107 kwa milioni 1.1. Muuzaji naye hutakiwa kulipa kamisheni yake, ambayo hupatikana kwa mapatano.

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Tuseme mtu alilipa euro milioni 1.32 mwaka 2011, na mwaka 2018 kamera yake ikagongewa nyundo kwa milioni 2, sawa na namba 122. Magazeti yangeandika kwamba bei imetoka milioni 1.32 hadi milioni 2.4, ongezeko la karibu asilimia 82 katika miaka 7, au karibu asilimia 9 kwa mwaka. Lakini muuzaji huyo haoni milioni 2.4. Anaona milioni 2, na kama amekubali kamisheni ya asilimia 10, anabaki na milioni 1.8. Faida yake ni euro 480,000, ambayo ni asilimia 36 kwa miaka 7, au asilimia 4.5 hivi kwa mwaka.

Hapo bado hajalipia bima, kasha la chuma la kuhifadhia, wataalamu wa kukagua, usafirishaji na kodi. Na katika miaka yote hiyo kamera haikumpa gawio hata senti moja, wala pango, wala riba.

Mwenzake aliyenunua mwaka 2012 kwa milioni 2.16 angekuwa na hali mbaya zaidi. Kama naye angeuza mwaka 2018 kwa bei hiyohiyo ya nyundo na kamisheni hiyohiyo, angepokea milioni 1.8, na hivyo kupata hasara ya euro 360,000, karibu asilimia 17 ya mtaji wake. Hasara hiyo ingempata katika kipindi kilekile ambacho magazeti yalikuwa yakitangaza rekodi mpya ya bei.

Kamera hizo ni tofauti moja na nyingine, kwa hali na kwa historia, na mfano huu haumhusu mwenye kamera yeyote. Lakini unaonyesha ukweli ambao kila mwekezaji mdogo anapaswa kuushika: kati ya bei anayolipa mnunuzi na fedha anayopata muuzaji kuna pengo kubwa, na bei lazima ipande kwanza kuziba pengo hilo kabla ya mtu kuanza kuhesabu faida. Kwa ada ya asilimia 20 upande mmoja na kamisheni ya asilimia 10 upande mwingine, bei ya nyundo inahitaji kupanda kwa theluthi moja ndipo mwenye mali arudishe alichotoa.

Aidha, hii si mali ya kuuza siku unayopata shida. Mwenye hisa au hati fungani hupiga simu kwa dalali wake. Mwenye kamera ya majaribio husubiri mnada, ambao kwa kawaida huwa mara mbili kwa mwaka, na husubiri pia wawepo angalau wanunuzi wawili wenye fedha na wenye kuitaka kamera ileile. Akitokea mmoja tu, bei haipandi.

KARATASI KULIKO CHUMA

Kinachoitofautisha kamera ya majaribio na chuma chakavu ni uthibitisho. Namba iliyochorwa juu ya kamera ni mwanzo wa uchunguzi. Leitz ilikuwa na desturi ya kuweka vitabu vya kumbukumbu vilivyoandika namba ya kamera, tarehe iliyotoka kiwandani na mahali ilikopelekwa. Kwa kuwa vitabu hivyo vimehifadhiwa, namba inaweza kulinganishwa na kumbukumbu. Baada ya hapo huja barua, picha za zamani, stakabadhi na majina ya waliomiliki. Kila kiungo kinachokosekana katika mnyororo huo hupunguza bei.

Umuhimu wa uthibitisho unatokana na wingi wa bidhaa bandia. Mwaka 1934 kiwanda kimoja cha Kharkov, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati huo, kilianza kutengeneza kamera iitwayo FED kwa kunakili Leica ya mwaka 1932. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikafuata Zorki, iliyotengenezwa Krasnogorsk kuanzia mwaka 1948. Zenyewe zilikuwa kamera halali za watu wa kawaida na ziliuzwa kwa majina yake. Tatizo lilikuja baadaye, pale wajanja walipoanza kufuta maandishi hayo na kuchora jina la Leica, wengine wakiongeza rangi ya dhahabu, nembo za jeshi la Ujerumani au michoro ya kumbukumbu ya michezo ya Olimpiki. Miaka ya 1990, mipaka ya Ulaya Mashariki ilipofunguka, kamera hizo zilienea katika masoko ya watalii.

Ipo njia rahisi ya ukaguzi wa kwanza kwa kamera za aina hiyo. Fungua lenzi, kisha tazama ndani sehemu ya juu, palipo na mkono mdogo unaogusa lenzi ili kupima umbali. Katika Leica halisi, ncha ya mkono huo ina kigurudumu kidogo cha mviringo. Katika FED na Zorki, ncha hiyo ni kipande kigumu kisichozunguka. Njia hii haifai kwa 0-Serie wala kwa Leica za kabla ya mwaka 1932, kwa sababu hizo hazikuwa na kifaa hicho kabisa. Kwa hizo hakuna njia ya mkato. Ni kazi ya wataalamu na vitabu vya kiwanda.

Msomaji ajue pia kwamba karibu na mwaka 2000 kampuni ya Leica yenyewe ilitoa nakala ya 0-Serie, iliyotengenezwa upya na yenye kupiga picha. Nakala hiyo ni bidhaa halali na ina wapenzi wake, lakini si kamera ya mwaka 1923. Mtu anayeonyeshwa "Leica ya kwanza" kwa bei ya kutupa anapaswa kuuliza kwanza ni ipi kati ya hizo mbili. Asiyeuliza atauziwa mbuzi kwenye gunia.

USIPAKE RANGI

Mazoea ya mfanyabiashara wa magari ni kunyoosha bodi na kupaka rangi kabla ya kuuza. Katika kamera za kale mazoea hayo ni hasara. Kamera nyingi za mwanzo za Leica zilipakwa rangi nyeusi juu ya shaba, na kwa miaka mingi ya kushikwa rangi hiyo huchubuka kwenye kingo hadi shaba ikaonekana. Wakusanyaji huipenda hali hiyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba kamera haijaguswa na fundi wa kuipamba. Anayeipaka rangi upya ili ing'ae hufuta kwa brashi sehemu ya thamani aliyotaka kuiongeza. Ndivyo ilivyo pia kwa kubadilisha skrubu, lenzi au ngozi ya nje.

Kwa wanaoishi mwambao kuna adui mwingine. Joto na unyevunyevu wa miji kama Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam huotesha kuvu ndani ya lenzi, ambayo hutambaa kama utando na inaweza kula kioo chenyewe. Kitambaa cha shata nacho hukauka na kupasuka kwa uzee. Kamera iliyofungiwa katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati lenye giza huharibika haraka zaidi, maana ngozi hushika unyevu. Mahali pakavu, penye hewa na mwanga kiasi ndipo pa kuweka kifaa cha namna hiyo, hata kama bei yake ni ndogo.

NANI ANAFAIDIKA

Ukiifuata fedha, wanaofaidika katika soko hili ni makundi matatu. La kwanza ni waliokusanya mapema, kabla bei hazijatangazwa, wakati kamera hizi zilikuwa vitu vya wapenzi wachache. Kati ya mwaka 1960 na mnada wa mwaka 2022, namba 105 ilikuwa imeshatumia zaidi ya miaka 60 mikononi mwa wakusanyaji. Faida ya namna hiyo huja kwa subira ya nusu karne na zaidi, na si kila mtaji unaweza kusubiri hivyo.

Kundi la pili ni waendesha mnada, ambao hupata ada bei ikipanda au ikishuka, alimradi nyundo imegonga. Hapa pana jambo la kuzingatia: mnada huo wa Vienna ni sehemu ya biashara ya kampuni ya Leica yenyewe. Hilo si kosa, na lina manufaa yake katika kupata kumbukumbu za kiwanda. Lakini mwekezaji hana budi kukumbuka kwamba kila rekodi mpya ya bei ya kamera ya kale ni tangazo pia kwa kamera mpya zilizoko dukani.

Kundi la tatu ni wenye ujuzi, wanaotambua kitu halisi pale ambapo muuzaji na wanunuzi wengine hawakitambui. Hawa hawahitaji mamilioni kuanza. Wanahitaji kusoma miaka mingi, kushika kamera nyingi na kujua tofauti ya skrubu moja na nyingine.

Mwekezaji mdogo asiyekuwa katika makundi hayo matatu huingia sokoni akiwa wa nne, yaani yule anayelipa bei kamili, kwa taarifa ambazo kila mtu anazo, na kwa mali ambayo hawezi kuiuza kesho. Kwa mtu wa namna hiyo, kamera ya kale inafaa kununuliwa kwa fedha ya starehe, si kwa ada ya shule wala mtaji wa duka. Akiipenda na kuitumia, atakuwa amepata thamani ya fedha yake hata kama bei haitapanda.

Na kwa yeyote aliye na kamera ya zamani nyumbani, hatua za kuchukua hazina gharama. Asiisafishe kwa dawa wala kuipaka rangi. Aandike namba yake na ya lenzi. Atunze mkoba, boksi, stakabadhi na picha zilizopigwa nayo pamoja. Amuulize mzee aliyeinunua aliipata wapi na mwaka gani, na ayaandike majibu angali yupo wa kuyatoa. Karibu kila mara itakuwa ni kamera ya kawaida yenye bei ya kawaida. Ikitokea kuwa siyo, karatasi hizo ndizo zitakazowekwa mezani mbele ya wanunuzi kabla kamera yenyewe haijafunguliwa.